Wiki ya 18, ya 31 na ya 44: shajara ya kupangisha zamu yangu ya nyumba ya ziwani, Kigoma

Jumapili, 11 Februari 2024

Jana saa nne asubuhi nilimkabidhi Namba Sita funguo za nyumba ya ziwani, na leo naanza shajara hii. Wiki yangu ya kwanza ya mwaka imekwisha. Katika siku saba tumelala pale mara mbili tu, mimi na mdogo wangu. Siku nyingine zote nyumba ilikaa imefungwa: vyumba vitatu, veranda inayotazama maji, mwembe mkubwa uwanjani, na hakuna mtu.

Nieleze kwa asiyeijua. Tuko kumi na watatu, wengi wetu walimu na wauguzi. Mwaka 2016 tulichanga tukanunua nyumba chakavu njia ya Katonga, tukaikarabati, kisha tukagawana mwaka. Mwaka una wiki 52. Kwa watu 13, kila mmoja anapata nne. Wiki inaanza Jumamosi na kuisha Jumamosi. Tulikunja vikaratasi kwenye kofia, kila mtu akaokota chake. Mimi niliokota namba tano, kwa hiyo wiki zangu ni ya 5, ya 18, ya 31 na ya 44, mwaka nenda mwaka rudi. Tangu siku hiyo tunaitana kwa namba. Namba Nne hunitangulia daima na Namba Sita hunifuata daima. Mwaka ukiwa na Jumamosi 53, kama ulivyokuwa 2022, wiki ya ziada tunawaachia mafundi.

Ada ya matunzo ni shilingi 480,000 kwa mwaka: mlinzi, maji, dawa ya mchwa, bati likipeperuka. Ulale usilale, unalipa. Ni 120,000 kwa kila wiki. Mwaka jana wiki zangu tatu zilipita bila mtu kulala ndani. Watoto wako Dar es Salaam na Mwanza, likizo zao hazikutani, na mimi ninaishi Mwanga, dakika ishirini kwa bajaji. Nimelipa 360,000 za nyumba iliyofungwa. Gunia la mahindi lisipouzwa leo litauzwa mwezi ujao. Wiki ikishafika Jumamosi ya pili hakuna ghala la kuiweka.

Kwa hiyo mwaka huu nataka kupangisha ya 18, ya 31 na ya 44. Ya 5 itaendelea kuwa ya familia.

Jumamosi, 24 Februari

Kikao chini ya mwembe. Katiba yetu inasema mwanachama anaweza kukaribisha wageni katika wiki yake. Haisemi neno juu ya mgeni anayelipa. Ningeweza kunyamaza nikapangisha, na huenda isingejulikana hata mwaka mzima, lakini sikutaka siku moja Namba Sita amkute mtu asiyemjua amekaa verandani anasema "nimelipia".

Tulizungumza saa mbili nzima. Mzee Namba Moja aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mgeni wako akivunja akaondoka zake, nani atamfuata Sumbawanga?" Nikajibu kwamba hatafuatwa Sumbawanga, nitafuatwa mimi Mwanga. Nadhani jibu hilo ndilo lililopitisha hoja. Tumekubaliana hivi: ada ya mwaka iwe imelipwa yote kabla ya kupangisha, asilimia 10 ya kodi iingie mfuko wa kikundi, watu wasizidi wanane, mgeni aje na barua yangu, nakala kwa mlinzi na kwa mjumbe wa mtaa, maana huku mpakani mgeni asiyetambulishwa huwapa watu wasiwasi, na uharibifu wowote niulipe mimi kwanza, kisha nidaiane na mgeni wangu mwenyewe.

Mpwa wangu aliyesomea utalii aliniambia kwa simu kwamba wenzetu Ulaya walianza kugawana nyumba za mapumziko kwa wiki miaka ya 1960. Hapimag ya Uswisi ilianzishwa 1963. Baadaye Marekani zikaja kampuni za kubadilishana wiki, RCI mwaka 1974 na Interval International mwaka 1976, ili mwenye wiki ya pwani aweze kulala milimani. Wengine wana wiki isiyohama kama yetu, wengine wiki ya kuomba upya kila mwaka, wengine wamekwishahamia kwenye pointi, yaani alama ambazo mtu huzitumia kulipia siku anazotaka. Jambo moja alilisisitiza: wiki uliyoipata kwa kubadilishana kupitia RCI huruhusiwi kuipangisha, iliyo yako ndiyo unaweza, tena kwa masharti ya nyumba husika. Nimelipenda sharti hilo. Namba Saba akinipa wiki yake tubadilishane, amenipa mimi, hakumpa mpangaji wangu.

Jumapili, 10 Machi

Nilikwenda kupiga picha za tangazo. Simuni mwangu nilikuwa nazo nzuri za 2018: watoto wanacheza mchangani, mtumbwi umepakiwa pembeni, maji yako mbali. Leo nimesimama palepale na hakuna mchanga. Ziwa limepanda, limekula ufukwe wote na kufika kwenye ngazi ya mwisho ya jiwe, na mwembe mdogo wa chini umesimama majini hadi magotini. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kulipunguza, Lukuga, kule upande wa Kongo. Mvua zikiwa kubwa mwaka baada ya mwaka maji hayaoni pa kwenda, na yakishapanda hushuka taratibu sana.

Mdogo wangu alisema niweke za 2018, kila mtu anafanya hivyo. Nimekataa. Mtu atoke Tabora au Mpanda na watoto wamebeba ndoo za kuchezea mchanga, afike akute ngazi na maji? Nimepiga picha za ngazi, za maji yakigusa jiwe, za vyumba vyote vitatu, za choo, za simtanki la lita 2,000. Chini yake nimeandika: "Hakuna ufukwe wa mchanga kwa sasa. Watoto wadogo wasimamiwe, maji yana kina karibu na ngazi."

Jumanne, 26 Machi

Kuhusu bei nilikosea mwanzoni. Nilichukua nilichochangia 2016, nikaongeza ada, nikagawa, nikapata bei ambayo hakuna mtu angeilipa. Mpangaji hanunui historia yangu, analinganisha na gesti za mjini. Nimezunguka Mwanga na Gungu nikiuliza vyumba, nikajumlisha vitatu, nikaongeza kidogo kwa ajili ya jiko na veranda. Nimetua kwenye 60,000 kwa usiku, yaani 420,000 kwa wiki.

Jana alinipigia mtu asiyejitaja vizuri. Anasema ana mteja wa nje ya nchi aliyependa nyumba yangu, yuko tayari kulipa mara mbili ya bei, ila mimi nitangulize 150,000 ya "usajili wa mwenye nyumba". Nilimwambia akate hiyo ada kwenye fedha ya huyo mteja. Akasema mfumo hauruhusu. Nikamwambia basi hata mimi siruhusu. Mpwa wangu anasema wenye wiki Marekani wameumizwa miaka mingi kwa mtego huohuo: anakuja mtu na mpangaji tayari, anachukua ada ya mbele, mpangaji haonekani tena wala yeye. Naandika hapa ili mwenzangu atakayesoma asije akatuma hata shilingi. Anayetafuta mpangaji kwa haki anakula kwenye kodi iliyokwishalipwa.

Jumapili, 14 Aprili

Baada ya Idi simu zimeanza. Tisa kwa jumla. Wanne walitaka usiku mmoja, wawili walitaka kufanyia sherehe yenye muziki, mmoja alitaka mwezi mzima. Wa nane ni mzee mmoja wa Tabora, mstaafu wa reli. Anasema alifika mwisho wa reli mara nyingi sana kikazi na hajawahi kulala akisikiliza ziwa; sasa anataka wajukuu walione. Nilimweleza habari ya mchanga kabla hajauliza. Akanyamaza kidogo, kisha: "Taa za wavuvi zitakuwepo?" Nikatazama kalenda, maana taa hizo ni za usiku usio na mwezi. Mwezi unaandama tarehe 8 Mei, katikati kabisa ya wiki yangu. Giza tupu. Nikamwambia zitakuwepo, Baba, Mungu akipenda.

Ametuma arubuni ya 210,000. Nimemwandikia barua: jina lake, idadi ya watu, tarehe 4 Mei saa nane mchana hadi 11 Mei saa nne asubuhi, namba ya mlinzi, namba yangu, na kwamba nyumba hii ni ya watu kumi na watatu. Mstari huo wa mwisho niliufuta mara mbili, mara ya tatu nikauacha.

Jumamosi, 4 Mei

Namba Nne ametoka saa nne kamili, kaacha hata sakafu imepigwa deki. Dada wa usafi alibadili mashuka, mimi nikahesabu: vijiko 12, sahani 12, sufuria 5, vikombe 11, ndoo 3, funguo 7. Gesi nusu. LUKU yuniti 31.

Walifika kwa basi, watu saba. "Shikamoo Baba." "Marahaba, Mwalimu." Mzee hakuingia ndani. Alizunguka nyumba akashuka ngazi, akachota maji kwa kiganja akanawa uso, akabaki ameinama pale muda mrefu hata mjukuu akamfuata. Aliporudi aliniuliza bei ya migebuka, samaki wa huku ziwani.

Jumatano, 8 Mei

Nilipita jioni na mawese na unga wa muhogo. Giza lilikuwa limeshika. Ziwani taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kutoka upande wa Kibirizi hadi jicho linapokoma, mamia, kama mji mwingine umejengwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni za betri na nyeupe zaidi. Dagaa huifuata taa usiku usio na mwezi. Mwezi ukijaa mwanga unatawanyika ziwani kote na wavuvi wengi hupumzika. Mzee aliwaeleza wajukuu kwamba reli ilifika hapa 1914, na wale watoto hawakumsikiliza hata kidogo, walikuwa wanahesabu taa. Mmoja alifika 140 akalala kwenye mkeka.

Jumapili, 12 Mei

Jana imekuwa siku mbaya, na kosa ni langu.

Wageni waliondoka alfajiri kuwahi basi. Babu mlinzi alipokea funguo. Nilifika saa tatu, nikahesabu vyombo, vyote vipo, nikamlipa dada wa usafi 30,000. Chumba cha kati kilikuwa kimefungwa, nikadhani dada amekimaliza akakifunga. Sikushika kitasa. Sikuhesabu funguo. Zilikuwa sita.

Saa nane na robo Namba Sita akanipigia. Amekuja na mama yake mzazi kutoka Kibondo, bibi wa miaka zaidi ya themanini aliyesafiri tangu asubuhi, na chumba cha kati ndicho pekee chenye kitanda kifupi anachoweza kupanda. Hakifunguki. Nilimpigia mzee wa reli. Alikuwa amekwishapita Kaliua. Nikamsikia anapekua, kisha sauti yake ikashuka: "Mwalimu, ninao. Umelala na miwani yangu mfukoni."

Nilichukua bajaji, nikampitia fundi Mwanga. Nilipofika bibi alikuwa amelazwa verandani kwenye mkeka, kichwa juu ya mkoba, amefunikwa khanga, miguu imevimba kwa safari. Nikamwamkia kwa Kiha kidogo nilicho nacho, akanishika mkono akaniambia nisihangaike. Fundi alihangaika na kile kitasa cha zamani karibu saa nzima na nusu, mwishowe akakivunja. 15,000 zake, 35,000 za kitasa kipya. Wakati wote huo nilikaa chini karibu na bibi nikimpepea, na Namba Sita alisimama mlangoni kwa fundi, hakuniambia neno. Afadhali angesema.

Nimeelewa jambo ambalo kwenye kikao sikulielewa, ingawa nililisema mwenyewe. Nilidhani nauza siku saba zangu. Kumbe mgeni wangu namwingiza katikati ya Namba Nne na Namba Sita, na zile saa nne za Jumamosi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, ndiyo biashara yenyewe. Kodi ni ya siku saba, lakini heshima yangu kwa wenzangu yote inakaa ndani ya zile saa nne.

Jumamosi, 25 Mei

Ufunguo ulirudi kwa kondakta wa basi, umefungwa kwenye karatasi ya daftari yenye maneno ya kuomba radhi. Mzee alituma pia 20,000 kwa simu bila kudaiwa. Zilizobaki, 30,000, nimelipa mimi.

Nimekwenda nyumbani kwa Namba Sita kuomba radhi. Nilibeba sukari kilo mbili kwa ajili ya bibi. Tumezungumza vizuri. Ametoa wazo ambalo ni lake kabisa: daftari la makabidhiano. Kila Jumamosi anayetoka anaandika hesabu na kasoro, anayeingia anahakiki anatia sahihi chini yake. Litumike kwa wote kumi na watatu, wenye wapangaji na wasio nao. Nimechongesha pia nakala za funguo zote saba, 14,000, zinakaa kwangu. Na kuanzia sasa kila mgeni ataweka amana ya 50,000 inayorudi Jumamosi jioni baada ya aliyefuata kutia sahihi. Sirudishi kabla. Mwenye wiki inayofuata ndiye mkaguzi wangu.

Jumamosi, 6 Julai

Wiki ya 31 ilikuwa imechukuliwa tangu Aprili na familia ya Kasulu yenye ndoa Ujiji siku ya Nane Nane. Katika mazungumzo yetu ya mwanzo niliwasifia taa na dagaa wabichi, kwa sababu tarehe 4 Agosti mwezi unaandama, giza zuri. Sasa ziwa limefungwa. Uvuvi umesimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka. Mimi naunga mkono; mwenye macho ameona dagaa wanavyopungua sokoni. Lakini niliahidi kitu, na usiku kutakuwa na ziwa jeusi tu.

Nilimpigia mama wa bwana harusi. Nikamwambia yote, na kwamba akitaka nitajaribu kubadilishana na Namba Saba mwenye wiki ya 33, ambayo inaanza 17 Agosti, ziwa likiwa limefunguliwa. Nikakumbuka papo hapo sharti lenyewe: ya kubadilishana sipangishi bila ruhusa yake. Mama alikata shauri kabla sijamaliza. Harusi haihami. Ila kitoweo cha wageni itabidi anunue kuku badala ya samaki. Nikapunguza 50,000. Atalipa 370,000. Alishangaa kidogo, kisha akanishukuru mara nyingi kuliko fedha yenyewe ilivyostahili.

Jumapili, 11 Agosti

Tuliandikiana watu wanane. Walishuka kumi na wawili, mabinti wanne wa ziada wamebeba magauni kwenye mifuko ya nailoni, wamechoka, wanatabasamu. Huku kwetu huwezi kumwambia binti wa harusi arudi Kasulu. Lakini nane si namba ya kubuni. Simtanki lina lita 2,000, umeme ukikatika pampu haipandishi, na shimo la choo halikuchimbwa kwa ajili ya shughuli. Nilimvuta mama pembeni nikamweleza hivyohivyo. Hakubisha, aliona haya tu, akasema ndugu hawahesabiki. Mwishowe nikawachukua wale wanne nikawalaza kwangu Mwanga usiku wote. Asubuhi walinipokea kwa "Mwakeye!", salamu ya asubuhi ya Kiha, wakapika chai, wakanichora hina mkono wa kushoto. Sijawa na nyumba yenye vicheko hivyo tangu wanangu waondoke. Hata hivyo barua ya wageni nimeibadilisha: idadi imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na sababu yake, tangi na choo. Mtu akijua sababu hashindani nawe.

Jana makabidhiano. Niliingia saa nne kasoro, nikashika kila kitasa kwa mkono wangu. Funguo saba. Vikombe 10, kimoja kimevunjika, nimekata 2,000 kwenye amana. Mafuta ya mawese yamemwagika nyuma ya jiko, dada wa usafi amesugua kwa majivu na limau hadi yamekwisha. Saa tisa Namba Sita akatia sahihi kwenye daftari. Saa tisa na nusu nikarudisha 48,000.

Jumamosi, 31 Agosti

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15, lakini mwezi ulikuwa unakaribia kujaa na taa zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Jana usiku nilishuka Katonga kwa makusudi. Zimerudi.

Nilikaa na kalenda nikaangalia mwakani. Wiki zetu hazihami, ila mwezi unahama. Mwaka 2025 wiki ya 18, ya 31 na ya 44 zote zinaangukia mwezi mkubwa, unaokua au uliojaa. Kwa hiyo tangazo la mwakani lisizungumze habari ya taa hata kidogo. Litaje mbalamwezi juu ya maji, Gombe kwa boti kutoka Kibirizi, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 kuwachunguza sokwe na bado wapo, na Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Vitu hivyo havina kipindi cha giza.

Jumapili, 20 Oktoba

Wiki ya 44 haina mtu. Inaanza 2 Novemba, mvua zimeshaanza, shule hazijafungwa, hakuna sikukuu. Nimeshusha hadi 350,000, kimya. Leo nimeshusha hadi 280,000, yaani 40,000 kwa usiku. Namba Nane ananilaumu kwamba naharibu bei. Namheshimu, lakini siku kumi na tatu zimebaki. Wiki tupu itanigharimu 120,000 ya ada bila kunipa kitu. Kwa 280,000, nikitoa ya mfuko, ya usafi na ya umeme, bado inanibakizia. Mwezi Agosti singethubutu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Imepata. Mabinti wawili wanaoandika tasnifu za uzamili, wanataka meza, umeme na ukimya. Ufukwe hawana haja nao. Waliuliza kama mvua inapiga kelele kwenye bati. Nikawaambia inapiga sana.

Jumamosi, 9 Novemba

Hesabu za mwaka kwanza. Zilizoingia: 420,000, 370,000 na 280,000, jumla 1,070,000. Mfuko wa kikundi 107,000. Usafi mara tatu, 90,000. LUKU na gesi, 125,000. Kitasa 30,000, nakala za funguo 14,000. Zimebaki 704,000. Nimetoa ada ya mwaka 480,000, mkononi ni 224,000, na hapo bado kodi ya serikali, ambayo nimekwenda TRA kuelekezwa. Si utajiri. Ila ada ya mwaka huu haikutoka kwenye mshahara wangu, na wiki ya familia nimeipata kama bure.

Sasa makabidhiano ya leo. Mabinti waliondoka saa tatu, vyumba vimepangwa kuliko walivyovikuta. Waliacha karatasi mezani: "Mwalimu, Jumatano usiku mvua kubwa ilivuja chumba cha kati, juu ya kitanda kifupi. Tuliweka beseni. Hatukukupigia kwa kuwa ulikuwa usiku wa manane." Nikapanda kitini nikatazama dari. Doa la ukubwa wa sinia, bado bichi, na katikati yake tone linajikusanya, linaning'inia, linaanguka.

Fundi wa bati hapatikani hadi Jumatatu. Nikahamisha kitanda ukutani mkabala, nikalaza godoro jingine kavu, beseni nikaliweka palipo na tone. Kisha nikampigia Namba Sita kabla hajatoka kwake, nikamwambia kila kitu, akaniuliza kama kitanda kifupi ni kikavu. Nikamwambia nimekilalia mwenyewe kukihakiki.

Saa nane alifika na bibi. Bibi akaingia moja kwa moja chumba cha kati, akakaa kitandani, akasikiliza tone kwenye beseni. Namba Sita akafungua daftari. Nilikuwa nimeandika: vijiko 12, sahani 12, sufuria 5, vikombe 10, ndoo 3, funguo 7, LUKU yuniti 22, dari ya chumba cha kati inavuja, fundi Jumatatu saa tatu, gharama tujadili kikaoni. Akasoma mstari kwa mstari, akaenda kuhesabu funguo kwenye misumari, akarudi, akatia sahihi.